Maumivu ya viungo, na kadhalika

Leo naandika kuhusu viungo. Si vile vya wavuti mnavyobofya, wala vile vya pilau. Ni viungo vya mwili: magoti, nyonga, viwiko, na vile vifundo vidogo vya vidole. Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta habari za programu na seva. Vumilieni kidogo. Hifadhidata imo, fomu zimo, na algoridhimu moja nzuri sana nayo imo.

Kilichonifanya niandike ni maneno mawili tu: "na kadhalika". Katika majedwali ya Kenya yanayoorodhesha magonjwa ya wagonjwa wa nje, yale yanayochapishwa na shirika la takwimu la KNBS, kwa miaka mingi kulikuwa na mstari ambao nikiutafsiri kutoka Kiingereza unasomeka hivi: "yabisi, maumivu ya viungo, na kadhalika". Kando yake kuna nambari, basi. Malaria ina mstari wake. Homa ya matumbo ina mstari wake. Viungo vyote vya mwili wa Mkenya, kuanzia shingo hadi kidole gumba cha mguu, vimepewa mstari mmoja na "na kadhalika" juu yake. Fomu zimebadilishwa tangu hapo na maneno yake pia, lakini tabia ya kutia kila kitu katika kapu moja haijaisha.

Mtu yeyote aliyewahi kubuni hifadhidata anaijua "na kadhalika". Ni ile safu unayoiweka mwisho saa tano usiku, umechoka, mteja anataka kazi asubuhi. Unaiita "mengineyo". Mwaka mmoja baadaye unaifungua na kukuta nusu ya biashara yake imo humo.

Sasa tazama kilichomo ndani ya kapu hili. Kwanza kuna ugonjwa wa viungo kuchakaa, ostioathritisi kwa jina la kitaalamu. Gegedu, ile nyama laini inayotenganisha mfupa na mfupa, inalika polepole kwa miaka, na mfupa wenyewe unabadilika umbo. Huu ndio unaosumbua watu wengi zaidi: makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa mwaka 2023 yalisema watu milioni 595 walikuwa nao mwaka 2020. Pili kuna rumatoidi, ambao ni kitu tofauti kabisa. Hapa kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vyake yenyewe, mara nyingi ikianzia vidoleni na kwenye viganja, kushoto na kulia kwa pamoja, na inawapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Tatu kuna jongo, fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya kwenye kiungo na kumfanya mtu mzima alie kwa sababu shuka limegusa kidole chake cha mguu. Na kuna virusi. Chikungunya, ambayo jina lake limetoka kwa Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu, iliikumba Lamu mwaka 2004 kabla ya kuvuka bahari kwenda Komoro na Réunion. Baadhi ya waliougua hubaki na maumivu ya viungo kwa miezi, wengine kwa miaka.

Magonjwa manne yenye sababu nne na mwendo wa aina nne, na yote yanahesabiwa kama kitu kimoja.

Kwa nini hili ni jambo la maana, na si manung'uniko ya mtu wa tarakilishi anayependa majedwali nadhifu? Kwa sababu kapu moja huzaa tiba moja. Mtu anaingia zahanati anasema viungo vinauma, anapewa diklofenaki, anaambiwa apunguze chumvi, anarudi nyumbani. Ikiwa goti lake limechakaa, dawa ile itampunguzia maumivu kwa muda, ingawa akiimeza miaka nenda miaka rudi itamdai tumbo na figo. Ikiwa ni rumatoidi, diklofenaki haizuii chochote. Maumivu yanapungua huku mifupa ya vidole ikiendelea kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi. Dawa inayouzuia ugonjwa huo ipo, na si ya ajabu wala mpya. Methotreksati ni kidonge kinachomezwa mara moja kwa wiki (kwa wiki, si kwa siku, watu wameshakufa kwa kuchanganya hayo), kiko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kinataka vipimo vya damu vya mara kwa mara ili kulinda ini na chembe za damu. Lakini ili kifanye kazi yake vizuri, mgonjwa anatakiwa akianze mapema, ndani ya miezi ya mwanzo. Kwa hiyo swali la "huyu ni yupi kati ya wale wanne" lina saa inayokwenda.

Haya, tuende Kanja. Kwa msomaji wa Mombasa au Muscat ambaye hapajui, Kanja ni soko katika kaunti ya Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Embu ya juu ni chai, ukishuka ni kahawa, ukishuka zaidi hadi Mbeere unakuta joto na muguka. Mwezi wa Julai huku juu kuna ukungu na manyunyu, na kila mtu ana koti.

Muulize cucu yeyote wa upande huu kuhusu magoti yake. "Cucu, magoti yanaendeleaje?" "Ah, ni hii baridi tu, mjukuu wangu. Likitoka jua nitakuwa sawa." Na Kiswahili kinamuunga mkono, maana jina la ugonjwa lenyewe, baridi yabisi, ni nadharia iliyokwisha kupitishwa bila ushahidi: ni baridi kavu iliyoingia mwilini. Nadharia hiyo iliwahi kupimwa vizuri, tena kwa simu. Mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Manchester walianzisha utafiti ambapo wagonjwa kote Uingereza waliandika maumivu yao kila siku kwenye programu ya simu, na simu yenyewe ikajua mahali walipo ili watafiti wapate hali ya hewa ya pale pale. Matokeo ya watu 2,658 yalichapishwa mwaka 2019. Unyevunyevu mwingi, shinikizo dogo la hewa na upepo mkali viliendana na siku za maumivu zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo. Halijoto yenyewe haikuonyesha uhusiano wa maana. Kwa hiyo cucu ana haki kidogo kuhusu ukungu wa Julai, lakini hali ya hewa inaeleza siku mbaya tu. Haielezi goti limeharibikaje.

Goti limeharibikaje? Hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Mwaka 1986 jarida la Nature, ambalo kila mwanasayansi duniani anaota kuchapishwa humo, lilitoa makala kuhusu wanawake wa Kenya wanaobeba mizigo. Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake kutoka nje waliwachukua wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, wakapima oksijeni wanayotumia wakitembea. Waligundua jambo la kustaajabisha: wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1995 makala nyingine katika jarida lile lile ikaeleza siri yake, kwamba mwendo wao unahifadhi nishati kama timazi inavyobembea, vizuri zaidi kuliko mwendo wa watu wasiozoea.

Ni sayansi nzuri, na ninaipenda. Lakini ukanda ule wa paji la uso ndio huo huo unaoonekana Embu, kwa kuni, kwa maji, kwa nyasi za ng'ombe, na utafiti uliuliza injini inakunywa mafuta kiasi gani bila kuuliza fani zake zinachakaa vipi. Mwanamke aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1986 ana zaidi ya miaka 60 leo. Oksijeni yake imo kwenye maktaba za dunia nzima. Magoti yake yamo kwenye "na kadhalika".

Si kwamba swali la kazi na magoti halina majibu popote. Huko Framingham, mji mdogo wa Marekani ambao watu wake wamefuatiliwa kiafya tangu mwaka 1948, watafiti walionyesha mwaka 1991 kwamba wanaume waliofanya kazi za kupiga magoti na kutumia nguvu walikuwa na hatari ya takriban maradufu ya goti kuchakaa uzeeni. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba wanawake waliopunguza kilo 5 hivi walipunguza hatari yao kwa nusu. Huko Beijing, utafiti wa mwaka 2004 uliwauliza wazee walikuwa wakichuchumaa kwa muda gani walipokuwa na miaka 25. Waliochuchumaa masaa 3 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya takriban maradufu ukilinganisha na waliochuchumaa chini ya nusu saa. Na wanawake wa Beijing walikuwa na magoti mabovu zaidi kuliko wa Framingham, ingawa wa Framingham walikuwa wazito zaidi.

Umri, uzito, jeraha la zamani, jinsia, urithi, kazi. Hiyo ndiyo orodha ya sababu unayoikuta katika kila kitabu. Lakini uzito wa kila sababu kwenye hesabu unategemea watu uliowapima. Ule uhusiano wa kazi ulionekana kwa wanaume wa Framingham. Sasa mwanamke wa Kanja anayepiga magoti kupalilia, anayechuchumaa jikoni, anayesimama kuchuma chai na kuibeba kikapuni hadi kituo cha kununulia, halafu anarudi na kuni: yeye umuweke kwenye mlinganyo gani? Anaunganisha Framingham na Beijing katika siku moja kabla ya saa nne asubuhi.

Wapo waliojaribu kulileta jambo hili mahakamani. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walidai kwamba kazi imewaharibu migongo na viungo, na mwaka 2022 mahakama ya Scotland iliwaruhusu kuishtaki kwa pamoja kampuni ya James Finlay (Kenya). Kampuni ilipinga. Baadaye mahakama ya rufaa ya huko ikasimamisha shauri ili madai yapitie kwanza utaratibu wa fidia wa hapa nyumbani, yaani sheria ya WIBA ya mwaka 2007. Sitaki kuhukumu nani ana haki. Natazama tu jinsi ilivyo kazi kuthibitisha kwamba kazi fulani inaharibu mgongo pale ambapo hakuna aliyewahi kuhesabu migongo. Na hao walikuwa na mwajiri. Mwenye shamba lake dogo la chai Embu, anayejiajiri mwenyewe, atamdai nani?

Turudi kwenye tarakilishi. Wanaojua SQL wanajua kwamba NULL si sawa na 0. Sifuri ni jibu: nilihesabu, sikupata. NULL ni kutokuwa na jibu: sikuhesabu. Ukizichanganya, ripoti yako itakuwa nzuri kwa macho na ya uongo kwa kila kitu kingine. Mwaka 1993 watafiti wakiongozwa na Alan Silman waliripoti kwamba walichunguza watu wazima wapatao 2,000 katika sehemu ya mashambani ya Nigeria na hawakukuta hata mmoja mwenye rumatoidi. Hiyo ni sifuri halali, na ni sifuri yenye kufikirisha, kwa sababu Ulaya wangetarajia kukuta kadhaa. Afrika Kusini mwaka 1975 walikuta ugonjwa huo ni nadra sana mashambani, ilhali Soweto kiwango kilikaribia cha Ulaya. Je, mji una nini? Sigara? Vumbi? Meno mabovu? Au ni umri tu na jinsi watu wanavyohesabiwa? Hayo ni maswali matamu ya sababu za ugonjwa, na yalizaliwa kwa sababu mtu alikwenda akahesabu.

Kilichotokea baadaye ni kwamba sifuri ya kijiji kimoja ilipakwa bara zima. Kwa muda mrefu madaktari wengi walifundishwa kwamba rumatoidi ni ugonjwa wa Wazungu, ingawa mwaka 1979 jarida la Annals of the Rheumatic Diseases lilikuwa tayari limechapisha maelezo ya wagonjwa wa Kenya. Sisi programa tuna amri inayoitwa COALESCE. Ukiiandika COALESCE(x, 0), kila NULL inageuka sifuri kimyakimya. Nadhani hivyo ndivyo wizara nyingi zinavyoendeshwa. Yale makadirio makubwa ya dunia hayaweki sifuri, na hilo ni afadhali, lakini pale ambapo nchi haina data yanajaza pengo kwa modeli, kwa kuazima kutoka kwa majirani na nchi zinazofanana. Nambari inatoka, ina desimali, inapendeza. Ni makisio yaliyovaa suti.

Kuhesabu mara moja nako hakutoshi, maana swali la pili la utafiti huu ni mwendo wa ugonjwa: nani ataharibika haraka na nani atakaa miaka ishirini na maumivu yale yale? Kwa rumatoidi, jibu moja zuri lilipatikana kwenye friji. Watafiti wa Uswidi mwaka 2003 na wa Uholanzi mwaka 2004 walichukua damu iliyokuwa imehifadhiwa ya watu ambao baadaye waliugua, wakaipima. Wakakuta kingamwili za ugonjwa zilikuwa zimeshaingia damuni miaka kadhaa kabla ya kiungo cha kwanza kuvimba. Ugonjwa unaanza kimya. Mwaka 2024 majaribio mawili yalionyesha kwamba dawa ya abatasepti, ikitolewa kwa watu walio katika kipindi hicho cha hatari, inaweza kuuchelewesha. Kumbuka tu kwamba yote hayo yalianza na mtu aliyehifadhi damu na kuandika lebo vizuri.

Kwa magoti, hazina kubwa ni mradi wa Marekani ulioanza kuandikisha watu mwaka 2004, unaoitwa Osteoarthritis Initiative. Watu 4,796 wenye umri wa miaka 45 hadi 79 walipigwa eksirei na kuulizwa maumivu yao mwaka baada ya mwaka, na data ikawekwa wazi kwa watafiti. Ndiyo maana karibu kila algoridhimu ya kusoma eksirei ya goti uliyowahi kusikia imefundishwa kwa magoti hayo.

Na hapa ndipo ilipo ile algoridhimu niliyowaahidi. Eksirei za magoti hupewa alama 0 hadi 4 kwa kipimo cha Kellgren na Lawrence cha mwaka 1957, kilichotokana na watu wa kaskazini mwa Uingereza. Kwa kipimo hicho kuna jambo lililokuwa halieleweki: Wamarekani weusi walisema wanaumwa zaidi kuliko weupe wenye alama ile ile. Jibu la haraka la wengi lilikuwa kwamba tatizo liko kichwani, au ni maisha magumu, lakini si goti. Mwaka 2021 Emma Pierson na wenzake walichukua eksirei zile zile na kufanya jambo dogo ambalo kila programa anapaswa kulitafakari. Badala ya kuifundisha mashine ikisie alama ya daktari, waliifundisha ikisie maumivu aliyosema mgonjwa. Mashine ikaona kwenye picha vitu ambavyo kipimo cha zamani hakivihesabu. Alama za daktari zilieleza asilimia 9 tu ya tofauti ya maumivu kati ya weusi na weupe. Mashine ilieleza asilimia 43. Maumivu yalikuwa ndani ya goti muda wote. Lebo ndiyo iliyokuwa mbovu.

Sasa fikiria mashine inayoletwa kesho katika hospitali ya kaunti, imefundishwa kwa magoti ya Baltimore na Pittsburgh, inasoma eksirei ya mwanamke aliyebeba kuni kwa ukanda tangu ana miaka tisa. Itatoa jibu. Mashine haijui kusema NULL.

Kwa hiyo napendekeza nini? Si programu mpya ya simu, tafadhali. Kila mwezi naletewa wazo la programu mpya ya afya, na nyingi zitakufa fedha za mfadhili zikiisha. Napendekeza maswali manne ndani ya kitu ambacho tayari kipo.

Mfano upo. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani na muungano wa vyama vya madaktari wa viungo walianzisha mpango uitwao COPCORD, wa kuhesabu magonjwa ya viungo kwa dodoso fupi, mlango kwa mlango, katika nchi zisizo na fedha. Mwaka 1996 Daktari Arvind Chopra na wenzake walikwenda Bhigwan, kijiji cha magharibi ya India. Kwa karatasi na kalamu waliwauliza watu wazima 4,092. Watu 746, yaani asilimia 18.2, walikuwa na maumivu ya viungo, misuli au mifupa. Halafu madaktari wakawachunguza hao tu, si kijiji kizima, na kuwatenganisha: huyu ni goti, huyu ni rumatoidi, huyu ni mgongo. Karibu na kwetu zaidi, kuanzia mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Glasgow na chuo cha KCMC cha Moshi wamekuwa wakifanya kazi ya namna hiyo katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mteremko wa mlima, kahawa, ndizi, baridi. Ukimfumba mtu macho ukamshusha Hai, atadhani yuko Embu mpaka asikie watu wakiongea.

Na sisi Kenya tuna kitu ambacho Bhigwan hawakuwa nacho. Mwaka 2023 serikali iligawa vifurushi 100,000 kwa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP: kipimo cha shinikizo la damu, cha sukari, mizani, na simu yenye mfumo wa eCHIS. Mfumo huo umejengwa juu ya programu ya chanzo huria, na fomu zake huandikwa kwenye lahajedwali la kawaida, swali moja mstari mmoja. Kitaalamu, kuongeza swali ni kazi ya mchana mmoja, ukiwemo muda wa chai. CHP anaingia kila nyumba hata hivyo. Anauliza ujauzito, chanjo, sukari, presha. Goti la mwenye nyumba, linalomfanya achelewe kufungua mlango, halina mahali pa kuandikwa.

Maswali yangu ni haya, kwa kila mtu wa miaka 18 na zaidi:

1. Katika siku 7 zilizopita, umekuwa na maumivu, uvimbe au ukakamavu kwenye kiungo chochote, bila kuumia? Kipi?
2. Ukiamka asubuhi, viungo hukaa vimekakamaa kwa zaidi ya nusu saa?
3. Je, vidole au viganja vimevimba kwa zaidi ya wiki 6?
4. Kuna kazi uliyokuwa ukiifanya ambayo umeiacha kwa sababu ya viungo? Ipi?

La kwanza ni la kuhesabu. La pili na la tatu ni chujio. Aliyejibu ndiyo kwa yote mawili asipewe diklofenaki na kuambiwa ni uzee, apelekwe kwa daktari sasa, wiki hii, kwa sababu ya ile saa niliyoitaja. La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote. Likiulizwa kila mwaka katika nyumba zile zile, linakuwa utafiti wa mwendo wa ugonjwa bila eksirei hata moja. Mwaka huu ameacha kuchuma chai. Mwaka ujao ameacha kuteka maji. Mwaka wa tatu hafungi vifungo vya nguo.

Nimeshapata upinzani kwa watu niliowaonyesha. Mmoja alisema kuhesabu bila tiba ni ukatili, madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache na karibu wote wako miji mikubwa. Ni kweli, lakini hoja hiyo huzunguka: wachache kwa sababu hakuna bajeti, hakuna bajeti kwa sababu hakuna nambari. Shinikizo la damu lilipata vipimo na dawa baada ya kuhesabiwa. Uchunguzi wa kitaifa wa STEPS wa mwaka 2015 uliwafikia watu wapatao 4,500 na kusema karibu robo yao wana presha, na tangu hapo hakuna anayesema presha ni ugonjwa wa Wazungu. Tena si kila mtu anahitaji bingwa. Daktari Omondi Oyoo na wenzake wa Kenya, wakishirikiana na Waingereza na Waswidi, waliendesha mpango wa UWEZO uliowafundisha matabibu wa kawaida kuchunguza viungo vizuri.

Mwingine alisema CHP wameshalemewa na fomu. Hili nalikubali zaidi. Posho yao ni ndogo na mara nyingine inachelewa, na kila mwenye wazo, mimi nikiwemo, anataka kuwaongezea swali. Kama lazima, toeni mawili mweke haya manne. Wa tatu aliuliza kuhusu siri za watu. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 ipo na data ya afya imetajwa humo kuwa nyeti, na mfumo huu tayari unabeba taarifa za VVU na ujauzito. Goti halitauvunja.

Fomu yenyewe nimeiandika na kuijaribu kwenye seva yangu. Inafanya kazi bila intaneti na kutuma baadaye, kama inavyotakiwa. Kilichonikwamisha ni swali la 2. Kwa Kiswahili nimeandika "kukakamaa", lakini nilipolijaribu kwa wazee watatu, wawili walidhani nauliza kuhusu ubishi. Nataka neno la Kiembu, na la Kimeru, na la Kimbeere, la kile kiungo kinavyokuwa alfajiri kabla hakijapata moto: si kuuma, si kufa ganzi, ni kile kugoma. Mwenye mama, cucu au guka anayelisema neno hilo kila asubuhi, amsikilize vizuri kesho kisha aniandikie hapo chini, pamoja na jina la sehemu anakotoka, maana nasikia hata kutoka Kanja hadi Mbeere watu hawalisemi sawa.